Barua za kabla ya stempu: namna ya kukusanya za Sweden na Baltiki ukiwa Mombasa

Usianze na Sweden nzima, wala Baltiki nzima, yaani Estonia, Latvia na Lithuania za leo. Chagua njia moja ya posta, miji miwili mitatu na miaka hamsini hivi, ukae hapo hapo. Mimi nilichagua barua ambazo wafanyabiashara wa Riga, mji wa Latvia ya leo, waliwaandikia mawakala wao wa Amsterdam na Bordeaux. Nilikuwa karani wa forodha Kilindini mpaka nikastaafu, na mtu anayelalamika kwamba meli imechelewa, bei ya kitani imeshuka na hawala haijalipwa, namwelewa hata kabla sijaanza kumsoma. Wewe chagua inayokuhusu. Kuna barua za mapadri, za wanajeshi, za mahakimu, za wauza chuma na lami. Mwenye kununua kila kinachopita hubaki na sanduku la karatasi asizoweza kuzieleza.

Vijana wakija barazani kwangu Kibokoni na kufunua albamu, huuliza, "Ami, stempu ziko wapi?" Hazipo, na ndiyo sababu nazikusanya. Uingereza ilianza kutumia stempu Mei 1840, Denmark 1851, Sweden tarehe 1 Julai 1855, Finland 1856, na Urusi, ambayo wakati huo ndiyo iliyoitawala Riga na Tallinn, mwanzo wa 1858. Hapa kwetu zilifika 1890, wakati wa ile kampuni ya Kiingereza iliyotangulia serikali ya kikoloni. Barua iliyotangulia miaka hiyo ililipiwa kwa pesa taslimu, na malipo yakaandikwa kwa mkono juu yake. Watu wengi wakisikia Sweden hukumbuka stempu moja tu, ile ya skilling 3 iliyochapwa kwa rangi ya manjano badala ya kijani ikawa inauzwa kwa mamilioni. Mimi hainishughulishi. Kwa sehemu ndogo sana ya pesa hizo unaweza kupata barua nzima iliyovuka nusu ya Ulaya na ikakuonyesha njia iliyopita.

Soma nje kabla ya ndani

Barua hizi kwa kawaida hazina bahasha. Ni karatasi moja: maneno ndani, ikakunjwa mara kadhaa, anwani nje, kisha ikafungwa kwa lakiri. Ada ilikwenda kwa uzito na umbali, kwa hiyo bahasha ingekuwa kujiongezea gharama bure. Ukiipata, zuia mikono yako isikimbilie ndani. Ilaze mezani uitazame kama unavyotazama hati ya shehena: imetoka wapi, imepitia wapi, nani kalipa, imefika lini.

Anwani mara nyingi ni ya Kifaransa, hata kama mwandishi ni Mjerumani na mpokeaji ni Mholanzi. "Monsieur" au "Messieurs", halafu jina, halafu mji chini upande wa kulia. Ukiona neno "franco" au kifupi chake "fco", mwandishi alilipa, ama njia yote ama mpaka mji fulani. Neno hilo lisipokuwepo, uwezekano mkubwa ni kwamba aliyelipa ni mpokeaji, na tarakimu kubwa iliyochorwa kwa haraka katikati ya uso wa barua ndiyo deni lake. Wanaoanza huidhani ni namba ya nyumba. Ni pesa: Amsterdam kwa stuiver, Bordeaux kwa décime baada ya Mapinduzi, Sweden kwa skilling, Riga kwa kopeki. Kwenye njia ya Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuwa katikati, tarakimu za rangi nyekundu kwa kawaida humaanisha imeshalipiwa, na nyeusi au buluu humaanisha bado. Barua ya Riga kwenda Ufaransa inaweza kuwa na tarakimu mbili tatu, nyingine zimekatwa kwa mstari, kwa sababu kila posta ilidai haki yake na kuipitisha kwa posta iliyofuata. Alama ya "AUS RUSSLAND" ilipigwa Prussia barua ilipoingia kutoka Urusi, na "ALLEMAGNE PAR STRASBOURG" ikapigwa Wafaransa walipoipokea. Zipange kwa mfuatano wake, na safari nzima itakuwa imeandikwa mbele yako.

Kwenye barua za Sweden utaona pia namba ndogo pembeni. Hiyo ni namba ya barua katika orodha iliyosafiri na mfuko wa posta. Orodha za barua zilizofika zilibandikwa hadharani, na mtu alikwenda kutazama kama jina lake limo.

Sasa igeuze. Nyuma, kando ya lakiri, ndipo karani wa mpokeaji alipoandika muhtasari wake: jina la mwandishi, mji, tarehe ilipoandikwa, ilipopokelewa, ilipojibiwa. Wauzaji wengine huupiga picha uso wa mbele peke yake na kuusahau mgongo. Omba picha ya mgongo kila mara. Muhtasari ule ndio unaokwambia barua ilichukua siku ngapi njiani, na bila huo unabaki na muhuri mzuri tu.

Tarehe zitakuchezea

Hapa pachukulie muda, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea hata kwenye maelezo ya minada. Riga chini ya Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi, Amsterdam na Bordeaux zilitumia ya Gregori, hii tunayoitumia leo. Tofauti ilikuwa siku 11 katika karne ya 18, na siku 12 katika karne ya 19. Chukua barua iliyoandikwa Riga tarehe 3 Mei 1785, ikapokelewa Amsterdam tarehe 1 Juni. Ukihesabu kwa vidole unapata siku 29. Lakini 3 Mei ya Riga ni 14 Mei ya Amsterdam, kwa hiyo safari ilikuwa ya siku 18. Wafanyabiashara wenyewe walilijua jambo hili na wengi waliandika tarehe zote mbili kama sehemu ya hesabu, 3 juu na 14 chini, halafu Mei. Mgeni huona hesabu ya kugawanya.

Sweden nayo ina vituko vyake. Ilihamia kalenda ya Gregori mwaka 1753: tarehe 17 Februari ikafuatwa na 1 Machi. Kabla ya hapo, mwaka 1700 walijaribu kuhama polepole, wakairuka siku moja, kisha mpango ukakwama wakabaki peke yao duniani, siku moja mbele ya Juliasi na siku kumi nyuma ya Gregori. Ili kurudi walipotoka, mwaka 1712 wakaongeza siku, na kukawa na tarehe 30 Februari. Kwa hiyo ukiona barua ya Sweden ya 30 Februari 1712, usimwite muuzaji mwongo. Ukiona ya 30 Februari ya mwaka mwingine wowote, mwite.

Na miezi: "7br" ni Septemba, "8br" Oktoba, "9br" Novemba, "Xbr" Desemba. Ni hesabu ya Kilatini. Nimeziona barua za Oktoba zikiuzwa kama za Agosti kwa sababu ya ile 8.

Sweden: mkulima, pembe na unyoya

Posta ya Sweden ilianzishwa kwa amri ya 20 Februari 1636. Malkia Kristina alikuwa bado mtoto na Axel Oxenstierna ndiye aliyeendesha dola, akiwa na majeshi Ujerumani na haja kubwa ya habari. Hawakuajiri matarishi wa mjini. Waliwachagua wakulima walioishi kando ya njia kuu, wakawaondolea wajibu wa jeshi, wakawapa pembe na mkuki, wakawaambia wakimbie. Maili moja ya Sweden, ambayo inazidi kilomita 10, ilitakiwa imalizwe kwa saa 2, na mzembe alifungwa siku 8 kwa mkate na maji. Mkuu wa posta wa kwanza, Anders Wechel, alifariki 1637, na mjane wake Gese akaiendesha posta ya nchi nzima mpaka 1642. Barua za miaka yake ni chache na ni ghali, lakini ni vyema ujue alikuwepo.

Upande wa mashariki kulikuwa na bahari. Barua za Stockholm kwenda Turku, Finland, wakati huo sehemu ya Sweden, zilivuka kutoka Grisslehamn hadi Eckerö, kilomita 40 hivi, na waliozivusha ni wakulima wa visiwa vya Åland kwa mashua za matanga na makasia. Majira ya baridi, barafu ikiwa nyembamba ya kutotembeleka na nene ya kutokatika, waliishika mashua kwa pembeni wakaikokota, wakizama na kupanda. Wengi hawakurudi. Sisi tuliokulia pwani tunajua posta iliyongoja kusi ili iende Lamu na Maskati, kaskazi ili irudi. Wale waliingoja barafu iamue. Barua ya njia hii ya Januari au Februari, yenye tarehe ya kupokelewa, mimi naipendelea kuliko ya Juni yenye muhuri safi. Baada ya 1809 Finland ikawa ya mfalme wa Urusi, na Eckerö ikawa mpakani. Warusi wakajenga pale jumba kubwa la posta na forodha, kazi ya Carl Ludvig Engel, lililokamilika 1828. Fahari tupu mbele ya miamba na wavuvi, lakini kama mtu wa forodha nalipenda.

Mihuri ya posta ya Sweden ni rahisi kuipanga. Mwaka 1819 ofisi za posta ziliagizwa zitumie mihuri, na ya kwanza ina jina la mji lililopinda kama upinde, tarehe chini yake kama sehemu ya hesabu. Katika miaka ya 1830 ukaingia muhuri wa mstatili. Ukikumbuka upinde kwanza, mstatili baadaye, umeshaweza kukisia muongo wa barua isiyo na mwaka.

Halafu kuna barua za unyoya. Barua ya serikali yenye haraka ilitiwa unyoya wa ndege ndani ya lakiri ikiwa moto, ili kila atakayeishika aone kwamba haitakiwi kulala njiani. Ni nzuri mno, na kwa sababu hiyo hughushiwa. Unyoya wa kweli umezama: lakiri imepanda juu ya shina lake na alama ya muhuri imepita juu yake. Unyoya uliobandikwa jana umekaa juu ya lakiri, au kuna tone jipya linalong'aa kuliko lile la zamani. Bila picha ya karibu ya sehemu hiyo, usinunue.

Baltiki: nani alitawala lini

Barua ya Riga ya 1690 ni ya dola ya Sweden. Ya 1720 ni ya Urusi. Zote mbili huenda zimeandikwa Kijerumani, na mtu wa familia ileile. Riga ilikuwa na posta yake ya Jacob Becker tangu 1632, wakati Sweden imeshautwaa mji huo. Mwaka 1710, katikati ya Vita Kuu vya Kaskazini, Riga na Reval zilisalimu amri kwa Petro Mkuu, na mkataba wa Nystad wa 1721 ukathibitisha. Courland, yaani Mitau na Libau, ilikuwa nchi ya mwinyi wake (duke) chini ya Poland hadi 1795. Memel ilikuwa ya Prussia. Barua moja kutoka Riga kwenda Königsberg (Kaliningrad ya leo) katika karne ya 18 iligusa tawala tatu kabla farasi hawajachoka vizuri.

Majina kwenye mihuri na anwani ni ya Kijerumani, kwa hiyo yaweke kichwani: Reval ni Tallinn, Dorpat ni Tartu, Pernau ni Pärnu, Arensburg ni Kuressaare, Mitau ni Jelgava, Libau ni Liepāja, Windau ni Ventspils, Memel ni Klaipėda. Ukitafuta kwenye mnada kwa majina ya leo utakosa nusu ya mali.

Barua za kipindi cha Sweden, kabla ya 1710, usizianzie. Ni adimu, bei zake zina ushindani wa watu wa Stockholm na Tallinn wenye mifuko mirefu kuliko yetu. Anza na miaka ya 1810 hadi 1850. Hapo mali ni nyingi, kwa kuwa baadhi ya nyumba za biashara za Ulaya magharibi zilitunza barua zao kwa vizazi, na makabati yalipofunguliwa zikaingia sokoni kwa maelfu.

Ndani ya kipindi hicho tafuta mwaka 1831. Kipindupindu kilifika Riga mwaka huo na kikaendelea magharibi. Prussia ikafunga mipaka, na barua zikatobolewa au kupasuliwa kwa patasi ili moshi wa dawa uingie ndani. Utaona vipasuo viwili vidogo, na pengine madoa ya kahawia. Wauzaji wasiojua huandika "imeharibika" na kupunguza bei. Ikunje upya kama ilivyokuwa: kama kipasuo kinapita tabaka zote kwa mstari mmoja, ni cha karantini. Kama kiko tabaka moja, ni mende tu.

Kuhusu mwandiko sitasema mengi. Herufi za Kijerumani cha zamani husomeka baada ya kuziandika mwenyewe kwa wiki chache: "e" yao inafanana na "n", na "u" ina ndoano juu. Majina ya watu na miji mara nyingi yameandikwa kwa herufi za kawaida, basi anzia hapo.

Kununua kutoka hapa

Mimi hununua kwenye minada ya mtandaoni. Delcampe ina barua nyingi za bei ndogo. Postiljonen ya Malmö ni ya mali ya juu, na hata usiponunua, orodha zao ni darasa la bure. Postmuseum, makumbusho ya posta ya Stockholm yaliyofunguliwa 1906, pia ni ya kuitazama. Malipo ni kwa kadi au PayPal, na ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa imenirahisishia mambo.

Andikia muuzaji kabla ya kulipa. Muulize kama barua imo ndani au ni karatasi ya nje tu, kama imekarabatiwa, na kama ina alama yoyote ya maktaba au jalada la serikali. Ikiwa na alama hiyo na hakuna karatasi ya kuonyesha ilitolewa kihalali, iache, hata ikiwa rahisi. Sweden na nchi za Baltiki zina sheria za kutoa nje maandishi ya zamani. Mwambie muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba kibali, kama kinahitajika, ni juu yake. Na usimwombe aandike bei ya uongo kwenye fomu ya forodha. Nimekaa upande wa pili wa ile meza, na bahasha yenye thamani ya dola moja ndani ya rejista ya gharama kubwa ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Iletwe kwa rejista, kati ya kadibodi mbili, bila pini. Sanduku langu liko posta kuu ya Digo Road. Gharama ya kusafirisha barua moja inaweza kukaribia bei ya barua yenyewe, kwa hiyo mwombe muuzaji akuwekee mpaka zifike tano sita ndipo atume.

Adui ni hewa yetu

Karatasi hizi zimetengenezwa kwa matambara, si kwa mbao, na zina nguvu kuliko gazeti la mwaka jana. Ziinue mbele ya dirisha uone mistari na chapa ya kinu cha karatasi. Kinachoziua hapa ni unyevu, kuvu, wadudu na wino wenyewe. Wino ule una chuma ndani yake. Ukiwa kwenye unyevu hula karatasi mpaka maneno yanadondoka. Mkunjo ulioanza kupasuka, ufungue mara moja tu, upige picha, uufunge, usiuguse tena.

Tumia mifuko ya polyester. Ile plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu itupe, maana inatoa mvuke unaogeuza rangi ya wino. Selotepu ni haramu kabisa. Lakiri hulainika kwa joto, na Februari ya Mombasa si mchezo: usizirundike barua, na juu ya kila lakiri weka kipande cha karatasi isiyo na tindikali. Sanduku lisiegemee ukuta wa nje, hasa ukuta wa matumbawe wa nyumba zetu za Mji wa Kale ambao hunyonya maji masika yote na kuyatoa taratibu. Weka vile vijipakiti vya kunyonya unyevu, uvibadilishe. Asubuhi kavu za kaskazi, fungua kabati lipate hewa, halafu ufunge kabla ya jioni. Na chumba kinachofukizwa udi kisiwe ndicho cha barua. Niliafikiana na mke wangu juu ya hilo, naye akachagua chumba kizuri zaidi.

Kila barua iwe na ukurasa wake: nani kwa nani, tarehe kwa kalenda zote mbili, njia, ada na nani aliyelipa, siku za safari, na mistari miwili ya kilichomo. Andika kwa penseli kwenye ukurasa, kamwe si kwenye barua.

Ya kwanza iwe ya Riga, kati ya 1815 na 1850, yenye muhuri unaosomeka, ada juu yake, na muhtasari wa karani nyuma. Ukikutana na ya pili ya mwandishi yuleyule kwa mpokeaji yuleyule, ichukue hata kama muhuri umefifia, kwa sababu huenda ndimo atakaposema ile meli ilifika au haikufika.